Mathe Ameomba Thao Mbili za Dawa ya Magugu? Kabla Utume, Soma Hii Story ya Kayongo

Unaijua hiyo simu. Ni mwezi wa tano, mvua imekubali, uko Nairobi unapambana na kodi ya nyumba, na mathe anapiga kutoka Isebania. Kwanza salamu ndefu. Halafu mambo ya kuku. Ndio sasa anafika penyewe: mahindi yamedumaa, majani yamekuwa manjano, na shamba lote limejaa vimaua vya zambarau. Kuna dawa pale agroveti, ameambiwa ni moto. Tuma kitu.

Mimi nilituma. Ilikuwa mwaka ule niliachana na koleji, na doo zenyewe zilikuwa za kukopa. Mathe akanyunyiza. Kumbe ilikuwa ile dawa ya kuua chochote kijani, na mahindi pia ni kijani. Msimu uliofuata mahindi hayakuwa, deni lilikuwa, na vimaua vya zambarau vilirudi vimejaa kushinda mwanzo.

Hivyo vimaua Wajaluo wanaviita kayongo. Kwenye vitabu utakuta kiduha. Usidanganyike na urembo wake, hili si gugu la kawaida. Gugu la kawaida linang'ang'ania maji na mbolea na mahindi yako. Kayongo yenyewe inajidunga kwa mzizi wa mahindi na kunyonya kila kitu kutoka ndani, ka ile cousin alikuja wikendi moja na bado anakula kwako. Na haibagui: mtama, wimbi, miwa, zote inanyonya.

Sasa sikiza mahali noma iko. Mmea mmoja wa kayongo unaweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, ndogo ka vumbi, na hizo mbegu zinaweza kulala kwa mchanga miaka zaidi ya 10 bila kuota. Zinangoja nini? Harufu. Mzizi wa mahindi ukikaribia unatoa kemikali fulani, mbegu inaisikia, inaamka, inajishikilia. Wiki kadhaa zote iko chini ya ardhi inakula tu. Siku unaona ua juu, mahindi yalishaumia kitambo. Ndio maana kunyunyiza dawa saa hiyo ni ka kufunga mlango na mwizi ashafika Sirare na TV yako.

Na hizo dawa zenyewe si maji ya matunda. Glaifoseti, ambayo iko kwa dawa nyingi za magugu, mwaka wa 2015 ile taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kwa kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kuna mashirika mengine ya serikali huko nje yaliyopinga, na bado wanavutana. Lakini wewe na mimi tunajua vile mathe hunyunyiza: slippers, leso, hakuna glovu, na mtoto yuko hapo kando.

Dawa ya ukweli iligunduliwa hapo tu jirani. Mbita, kaunti ya Homa Bay, kando ya ziwa, kuna kituo cha ICIPE, wale watafiti wa wadudu. Miaka ya tisini kikosi cha Zeyaur Khan kilikuwa kinasaka njia ya kufukuza funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Wakapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, mmea unaotambaa na wenye harufu hao wadudu hawapendi. Pembeni mwa shamba wakaweka nepia iwavute. Kusukuma na kuvuta, hivyo tu. Halafu wakashtuka: mahali desmodiamu iko, kayongo imepotea!

Wakachimba kujua kwa nini. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zake. Zingine zinaamsha mbegu za kayongo zikidhani chakula kimefika, zingine zinazizuia kujishikilia kwa mzizi wa mahindi. Mbegu ikishaamka haiwezi kurudi kulala, so inakufa njaa. Kila msimu akiba ya mbegu kwa mchanga inapungua. Juu ya hiyo, desmodiamu inaongeza naitrojeni kwa udongo, na kayongo hupenda udongo uliochoka. Na ng'ombe anaila.

Vile unafanya: mistari ya mahindi iachane sentimita 75, na katikati ya kila miwili unapitisha mstari wa desmodiamu. Mbegu zake ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu ndio zisirundikane. Ukikosa mbegu, omba vipande vya mashina kwa mtu anayo, vinashika mvua ikiwa poa. Nepia unazungusha nje, mistari mitatu.

Si miujiza. Msimu wa kwanza desmodiamu huwa inajivuta, lazima mpalilie kwa mkono. Na mwambie kibarua mapema, tafadhali! Wetu alifika saa kumi na mbili asubuhi na jembe, akaona mmea hajui, akang'oa mistari minne safi akingoja sifa. Ikishika haipandwi tena kila mwaka, unaipunguza tu isifunike mahindi.

Kayongo yoyote ikitokeza, ing'oe kabla ichanue, na kama imechanua ichome. Usirushe kwa mbolea, usipe ng'ombe. Na usikope mbegu za mahindi kwa jirani ambaye shamba lake ni zambarau.

Utasikia pia kuhusu mahindi yanaitwa Ua Kayongo. Hayo mbegu yake imepakwa dawa, so bado ni kemikali, lakini kidogo na iko pale pale kwa shimo. Usitie maharagwe kwa shimo moja nayo, yatakufa, na unawe mikono kabla ushike mbegu zingine.

Kuhusu kale kabustani ka sukuma nyuma ya nyumba, huko shida ni kishona nguo na ndago. Kishona nguo ni rahisi, ng'oa kabla ya mbegu, funika udongo na nyasi kavu. Ndago lazima uchimbe mpaka ule mpira wa chini, ukiacha ni bure. Na ile video inasema umwage chumvi, achana nayo. Chumvi inaua gugu, halafu inabaki kwa udongo kungoja sukuma yako.

Mathe alipiga juzi. Bado anataka doo, lakini sai ni za waya. Mbuzi wa jirani wamegundua desmodiamu.