Talaka Isiyopingwa: Kukubaliana Kuachana Hakutoshi

Wakaazi wengi wa Membley na mitaa jirani ya Ruiru hudhani kwamba mume na mke wakishaandikiana barua ya kuachana mbele ya wazee au chifu, na kila mmoja akashika njia yake, ndoa imekwisha. Sivyo. Ndoa iliyosajiliwa, iwe ya Kikristo, ya kiserikali au ya kimila, huvunjwa na mahakama. Wanandoa Waislamu hupeleka suala lao kwa Mahakama ya Kadhi.

Kabla ya uamuzi huo, nyinyi bado ni mume na mke. Mmoja akifariki, mwenzake anaweza kudai urithi. Na aliye katika ndoa ya mke mmoja akifunga ndoa nyingine, anaweza kushtakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5.

Hata hivyo, pale ambapo hakuna mvutano, safari ya mahakamani huwa fupi na nafuu kuliko kesi inayopingwa.

Sababu ni lazima

Sheria ya Ndoa ya 2014 haikuorodhesha makubaliano ya wanandoa kuwa sababu ya talaka. Iliorodhesha uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, upotovu uliokithiri, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa hiyo hata mnaoelewana lazima muieleze mahakama ni nini kilichoharibika. Katika ndoa ya kiserikali, kutengana kwa angalau miaka 2 ni mojawapo ya mambo yanayoonyesha kwamba ndoa imevunjika kabisa. Semeni ukweli, kwani maelezo hayo hutolewa chini ya kiapo.

Hatua zenyewe

1. Mmoja wenu, akisaidiwa na wakili, huandaa ombi la talaka pamoja na hati ya kiapo na nakala ya cheti cha ndoa. Kesi husikilizwa na hakimu. Wakaazi wa eneo hili hutumia mahakama za Ruiru na Thika.

2. Ombi huwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama, na ada hulipwa humo humo.

3. Mwenzake hukabidhiwa nakala rasmi, kisha hujibu kwa maandishi kwamba hapingi.

4. Mahakama hutenga siku ya kusikiliza kesi. Mwombaji hutoa ushahidi mfupi na kujibu maswali ya hakimu.

5. Hakimu akiridhika, hutoa amri ya muda. Muda uliowekwa ukiisha, hutolewa amri ya mwisho. Usipange harusi nyingine kabla ya kuwa na amri hii ya mwisho mkononi.

Nyumba, mkopo na watoto

Amri ya talaka peke yake haigawi mali. Chini ya Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, kila mmoja hupata kulingana na mchango wake, na mchango si pesa tu: kulea watoto, kazi za nyumbani na kusimamia biashara ya familia pia huhesabiwa. Mwezi Januari 2023, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mgao wa nusu kwa nusu hauji wenyewe; mchango lazima uthibitishwe. Tunzeni stakabadhi.

Kama nyumba ilinunuliwa kwa mkopo wa benki au sacco na nyote mkatia sahihi, mkopeshaji ataendelea kuwadai nyote wawili hata baada ya talaka. Zungumzeni naye kabla ya kuamua nani atabaki na nyumba.

Kuhusu watoto, Katiba inawapa baba na mama jukumu sawa la malezi, wawe wameoana au la. Andikeni makubaliano ya wapi watoto wataishi, nani atalipa karo na matibabu, na siku za kutembelewa. Mahakama itayapima kwa kuangalia maslahi ya mtoto kwanza.

Kuhusu wakili

Hakikisha ana cheti cha kuhudumu cha mwaka huu. Chama cha Mawakili nchini, LSK, huwa na orodha. Omba gharama kwa maandishi na udai risiti. Kumbuka kwamba wakili aliyeandaa ombi anamtetea mwombaji. Wewe unayejibu una haki ya kutafuta ushauri wako kabla ya kutia sahihi. Asiye na uwezo anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na wanawake pia kwa FIDA Kenya.

Na iwapo unatishwa au kupigwa ili ukubali, hayo si makubaliano. Usitie sahihi. Piga simu bila malipo kwa nambari 1195.