Nyumba Imtii Aliyemo Ndani

Tunaanza na kisa kilichotupata wenyewe. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota hapa Kenya na kwa jirani zetu. Mjini watu walilalamikia simu zao. Sisi nyumbani tulikosa maji.

Tulikuwa tumemruhusu kijana wetu aifunge pampu kwa swichi inayoamrishwa kwa simu, ili mama yetu, ambaye miguu yake haina nguvu tena, asihangaike na ngazi. Jioni ile tangi la juu lilikuwa tupu. Mama akabonyeza mara ya kwanza, akabonyeza mara ya pili; pampu kimya. Umeme ulikuwapo, kisima kina maji, na pampu ilikuwa nzima. Akatuuliza, "Mwanangu, hata maji ya kutawadha siku hizi hungojewa kutoka ng'ambo?" Hatukuwa na jawabu.

Fundi tuliyemwita kesho yake alitufumbua macho. Swichi ile haikuwa ikipokea amri kutoka kwa simu moja kwa moja. Amri ilitoka nyumbani, ikasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyoitengeneza, kisha ikarejea kwetu. Njia ilipokatika, hatua kumi baina ya mama na pampu zikawa safari isiyowezekana.

Wengi wetu huchanganya wai-fai na intaneti, nayo ni mambo mawili. Ruta ni mfano wa baraza ambapo vifaa vya nyumba hukutana; intaneti ni barabara ipitayo nje. Barabara ikifungwa, walioketi barazani hawazuiwi kuzungumza. Kinachotakiwa ni mwenye kuamua naye awe ameketi papo hapo.

Mwamuzi huyo hupatikana. Programu ya Home Assistant, aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, hutolewa bure, nayo hukaa katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyo kiasi cha kiganja. Kompyuta hiyo ikichomekwa kijiti cha redio ya Zigbee, huwasiliana na taa, swichi na vitambuzi vya mlango bila kupitia nje. Kiwango cha Matter, kilichotolewa mwaka 2022, nacho kimejengwa juu ya msingi huo wa vifaa kusemezana ndani ya nyumba. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha yako, muulize muuzaji swali moja: intaneti ikikatika, kifaa hiki kitafanya kazi?

Swali hilo si la siku za kukatika nyaya pekee. Mwaka 2016, kituo cha kuongozea vifaa vya nyumbani kilichoitwa Revolv kilizimwa na wenyewe baada ya kampuni kununuliwa. Kikabaki chombo kisicho na kazi. Mwezi wa Aprili 2022, seva za Insteon huko Marekani zilizimwa pasi na taarifa, na wateja wakaamka wakiona programu zao haziitikii. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Yapo mambo mawili ambayo mafundi husahau. La kwanza ni saa. Raspberry Pi za matoleo yaliyotangulia la 5 hazina saa inayoendelea kwenda umeme ukizimika. Huitafuta saa kwenye intaneti. Umeme na intaneti vikipotea pamoja, taa iliyopangiwa kuwaka magharibi huenda ikawaka usiku wa manane. Dawa yake ni kijisaa kidogo chenye betri. Toleo la 5 linayo saa, ila betri yake hununuliwa kando. La pili ni moto wa umeme wenyewe: ruta na kompyuta ile ziwekewe betri ya akiba.

Hatusemi kwamba intaneti haina faida. Bila hiyo, aliye safarini Lamu hataweza kuitazama nyumba yake ya Mombasa, na vifaa vingi vinavyoitikia sauti vitanyamaza. Hayo ni ya kustahimiliwa. Maji, taa ya ngazi na mlango wa kutokea havistahimiliki. Kila kimoja kibakishiwe swichi ya ukutani au ufunguo wa mkono.

Kwetu sasa kipo kitufe cha Zigbee kando ya kitanda cha mama, na swichi ya kawaida kisimani. Nawe jaribu wiki hii: usiizime ruta, bali chomoa waya unaoleta intaneti kutoka nje. Kisha mwache mkubwa wa nyumba na mdogo wa nyumba wapite kila chumba, wawashe, wafungue, wateke maji. Kitakachokataa kuwatii, andika jina lake, umwite fundi kabla ya siku ya haja.