Majina Yanayotajwa Vitani

Mei 2015, maelfu ya Warundi walikwama kwenye ufukwe mwembamba wa Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kiliua baadhi yao kabla meli ya Liemba haijawafikisha Kigoma, mafungu kwa mafungu, wapande mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu. Baadaye kambi ya Nduta, Kibondo, nayo ikafunguliwa tena. Liemba hiyo ndiyo meli ya Wajerumani iliyofungwa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isitekwe. Meli moja, simulizi mbili za vita. Washairi wetu wengi wamesimulia ile ya mizinga.

Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, unawapa mashujaa wanaopigana na Herekali, mfalme wa Rumi, fahari yote ya upanga. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wana kwivuga: shujaa husimama mbele ya watu, akajitaja, akataja na aliowaangusha. Siubezi utukufu huo. Watu wasio na gazeti wala mnara walihitaji mahali pa kuhifadhi majina, na hata Tambuka imebeba kilio cha kifo cha shujaa Ja'afari.

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliposimulia Wajerumani walivyoitwaa pwani ya Mrima, alisimama upande wa walioshindwa. Ujasiri anausifu, lakini nchi imekwenda, na beti zinalijua hilo.

Anayenishughulisha zaidi ni Shaaban Robert. Vita ya 1939 hadi 1945 aliitungia beti zaidi ya 3,000, akaiita Vita vya Uhuru, naye ni Mtanganyika aliyetawaliwa na mmojawapo wa washindi. Wapo wanaomlaumu. Mimi naona neno lile lilikuwa deni: vijana wa jeshi la kikoloni la KAR waliopelekwa hadi Burma kupigania uhuru wangerudi kuuliza wa kwao uko wapi. Henry Muhanika, katika utenzi wake wa 1981 juu ya Vita vya Kagera, hakuwa na fundo hilo. Tulikuwa tumevamiwa, na sifa zilikuwa na haki yake.

Ulaya, upinzani mkali dhidi ya sifa za vita ulitoka ndani ya mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Wilfred Owen alikuwa ofisa, akayakana kwa ushairi yale matukufu ya kufia nchi, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya mapigano kukoma. Hata hivyo sauti yake ni ya askari. Mama aliyevuka mpaka na godoro kichwani, mtoto mgongoni, hayumo.

Huyo nimemkuta katika nyimbo za wakimbizi Kasulu. Hakuna jemadari ndani yake. Kuna kijiji kilichoachwa, mto uliovukwa usiku, na watoto waliopotea njiani, mmoja mmoja kwa jina. Ufundi ni ule ule wa Mwengo na wa kwivuga, kutaja majina. Aliyebadilika ni anayetajwa. Zikiimbwa kwa Kirundi, Muha, mwenyeji wa Kasulu, hahitaji mkalimani. Anazielewa kama msiba wa nyumba ya pili.

Nataka ziandikwe, na walioziimba waulizwe kwanza. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Ile ya Mtendeli, kule Kakonko, ikafuata mwaka 2021. Kambi ikifungwa kwaya hutawanyika, kila mwimbaji akiondoka na sauti yake moja ya wimbo.