KAMPUNI ZA SIMU ZIKIUNGANA, LAINI YETU ITAKUWAJE?

Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro simu ya mkononi si kitu cha anasa tena. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hang'oi vitunguu vyake kabla hajauliza bei. Hupiga simu Arusha, hupiga na kwingine, ndipo huamua. Mfugaji wa Endulen huuliza bei ya ng'ombe kabla ya kuwaswaga kwenda mnadani. Mama anayeuza maharage Karatu mjini hupokea fedha katika simu. Mtoto aliyeko shule ya mbali huomba ada kwa simu. Hata mzee asiyependa simu hutafutwa kwa simu ya mjukuu wake.

Kwa hiyo habari ya kampuni za simu kununuana ni habari ya kijijini pia. Mara kwa mara redio hutangaza kwamba kampuni fulani imenunuliwa, au inataka kuungana na nyingine. Watu wengi hushtuka. Huuliza: Je, namba yangu itakufa? Je, fedha zilizomo katika simu yangu zitapotea? Je, mnara wa kwetu utang'olewa?

Maswali hayo ni ya maana. Tutayajibu kwa jambo lililokwisha tokea hapa nchini, yaani kuungana kwa Zantel na Tigo.

ZANTEL NA TIGO NI NANI?

Tigo lilikuwa jina la tatu la kampuni ya zamani. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1994 kwa jina la Mobitel. Ndiyo iliyoleta simu za mkononi Tanzania. Wakati huo simu moja ilikuwa na bei kubwa, nao waliokuwa nayo walikuwa matajiri wa mijini. Baadaye iliitwa Buzz, na mwaka 2006 ikaitwa Tigo. Mwenye mali alikuwa kampuni ya Millicom, iliyokuwa na makao yake Luxembourg, huko Ulaya.

Zantel ilianzishwa Zanzibar mwaka 1999. Serikali ya Zanzibar ilikuwa na sehemu yake. Sehemu kubwa ilikuja kushikwa na Etisalat, kampuni ya simu ya nchi za Falme za Kiarabu. Namba za Zantel zilianza na 077. Visiwani ilikuwa na nguvu. Ilipovuka kuja Bara ilikuta wenzake wamekwisha tangulia. Vodacom ilikuwako tangu mwaka 2000, Celtel tangu 2001. Hao walikuwa na minara mingi na wateja wengi. Zantel ikaanza kuyumba.

KWA NINI KAMPUNI NDOGO HUYUMBA?

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga. Kijijini kuna mashine mbili. Moja inasaga magunia 20 kwa siku. Nyingine inasaga magunia mawili. Lakini zote mbili zinahitaji nyumba, fundi, mlinzi na vipuri. Mwenye magunia 20 anagawa gharama hizo katika magunia mengi, na anabakiwa na kitu. Mwenye magunia mawili gharama zinammeza. Akipandisha bei, hata wale wateja wachache watamkimbia.

Mnara wa simu ni kama mashine hiyo. Mahali pasipo na umeme, mnara hutumia jenereta au nguvu ya jua. Jenereta hunywa dizeli usiku na mchana, hata kama hakuna anayepiga simu. Barabara ya kufikisha dizeli huwa mbaya wakati wa masika. Mlinzi anataka mshahara. Serikali nayo inataka kodi na ada ya leseni.

Tena kuna gharama nyingine ambayo mteja haioni. Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mtandao mwingine, kampuni yako hulipa kampuni ya pili kwa kila dakika. Kampuni yenye wateja wachache huumia zaidi, maana wateja wake karibu wote wanapiga nje. Serikali iliona jambo hilo. Mwaka 2013 malipo hayo yaliwekwa kuwa shilingi 34.92 kwa dakika. Mwaka 2018 yakateremshwa hadi shilingi 15.60, na mwaka 2022 yakafika shilingi 2. Ndiyo sababu moja ya watu kuacha kutembea na simu tatu au laini nne mfukoni. Lakini kwa Zantel nafuu hiyo ilikuja ikiwa imekwisha choka.

ILINUNULIWA KWA DOLA MOJA

Mwaka 2015 Etisalat iliamua kuachana na Zantel. Millicom, mwenye Tigo, akakubali kununua sehemu yote ya Etisalat. Sehemu hiyo ilikuwa asilimia 85. Yaani, tukiigawa kampuni katika mafungu 100, mafungu 85 yalikwenda kwa Millicom, na mafungu 15 yakabaki kwa Serikali ya Zanzibar.

Je, bei ilikuwa kiasi gani? Ilikuwa dola moja ya Marekani! Siku hizo dola moja ilikuwa shilingi elfu mbili na kitu, karibu bei ya kilo moja ya sukari.

Msomaji anaweza kucheka. Lakini asicheke haraka. Pamoja na dola hiyo moja Millicom alichukua pia deni la Zantel, nalo lilikuwa dola milioni 74. Ni kama kununua trekta bovu kwa shilingi mia, lakini mnunuzi akubali kulipa mkopo wote wa benki ambao mwenye trekta alikuwa hajaulipa. Bei ndogo haina maana kwamba mzigo ni mdogo.

Kwa nini Millicom alikubali? Alipata wateja wa Zanzibar ambako Tigo haikuwa na nguvu. Alipata masafa, yaani njia za hewani zinazopitisha sauti. Masafa ni kama ardhi, hayaongezeki. Hugawiwa na Serikali kwa leseni.

Kwa miaka minne kampuni hizo mbili zilikuwa za mwenye mali mmoja, lakini ziliendeshwa mbalimbali. Mwaka 2019 ndipo ziliunganishwa kuwa kitu kimoja. Serikali ya Zanzibar ilibadilisha mafungu yake 15 ya kampuni ndogo, ikapewa fungu moja na nusu katika kampuni kubwa. Fungu moja na nusu la ng'ombe mnono laweza kuwa sawa na mafungu 15 ya ng'ombe aliyekonda.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2021 Millicom naye alitangaza kuuza. Wanunuzi waliongozwa na Axian, kampuni yenye asili ya Madagaska, na mauzo yakakamilika Aprili 2022. Novemba 2024 jina la Tigo likabadilishwa kuwa Yas, na Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas. Watu wengi vijijini bado wanasema Tigo, na wakala huwaelewa.

NAMBA NA FEDHA HAZIKUPOTEA

Tuseme mzee mmoja wa Endabash anasikia habari ya namna hiyo. Anakwenda kwa wakala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia kampuni yangu imeuzwa. Nitoe fedha zangu zote leo?"

"Hapana mzee. Ukitoa zote leo utakatwa ada ya kutolea, na kesho utazihitaji tena humo humo. Aliyeuzwa ni mwenye duka. Wewe mteja hukuuzwa na mali yako."

Kijana huyo amesema kweli. Fedha unazoweka katika simu si mali ya kampuni ya simu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015 na kanuni zake zinataka fedha za wateja ziwekwe benki, katika akaunti ya amana, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Msimamizi wake ni Benki Kuu ya Tanzania. Kampuni ikiwa na deni, haiwezi kulilipa kwa akiba yako.

Fedha hizo zikikaa benki huzaa faida. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja sehemu ya faida hiyo.

Namba nazo zilibaki. Mwenye 077 aliendelea na 077 yake. Wale wenye namba za 078 wamepitia mengi zaidi. Kampuni yao iliitwa Celtel, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Majina matatu, wenye mali watatu, na ndugu zao wakaendelea kuwapata.

Hatari ya kweli iko mahali pengine. Wakati wa mabadiliko kama hayo matapeli hupata mlango. Hupiga simu na kusema, "Sisi ni kampuni mpya, tutajie namba yako ya siri tuhamishe akaunti." Kampuni haiulizi namba ya siri, hata ikiuzwa mara kumi. Mwandishi wa habari hii anaona kwamba watu wengi wamepoteza fedha kwa kutaja namba ya siri kuliko kwa kampuni kununuliwa.

JE, MNARA UTANG'OLEWA?

Hapa lazima tueleze hali ya nchi yetu. Mawimbi ya simu hupenda kwenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Kilima kikisimama mbele, mawimbi hukwama. Sasa tazama ardhi ya Karatu na Ngorongoro. Kutoka Mto wa Mbu barabara inapanda ukuta mrefu wa Bonde la Ufa. Halafu kuna miteremko ya Rhotia na Mbulumbulu. Mang'ola iko chini bondeni, karibu na Ziwa Eyasi. Ukipita lango la Lodoare unapanda mpaka ukingo wa kreta, zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na chini yako kuna shimo lenye kina cha meta 600 hivi. Mnara mmoja hauwezi kuona kote huko. Ndiyo maana wachungaji hujua jiwe fulani au kichuguu fulani ambapo "mtandao unashika", na mita 100 kutoka hapo hakuna kitu.

Kampuni mbili zikiungana, hupatikana minara miwili mahali penye kazi ya mmoja. Mmoja huzimwa, nayo dizeli huokolewa. Mijini hakuna atakayejua. Kijijini ambako mnara ni mmoja tu, hakuna sababu ya kuuzima kwa ajili ya muungano, maana hauna pacha. Tena siku hizi minara mingi si ya kampuni za simu zenyewe. Tigo iliuza minara yake kwa Helios Towers kuanzia mwaka 2010, na Vodacom ikafuata mwaka 2013. Sasa kampuni za simu hupanga katika mnara kama wapangaji katika nyumba. Mpangaji akiondoka, nyumba haibomolewi. Mwingine aweza kuingia.

Kuna sehemu ambazo hata kampuni yenye nguvu haitaki kwenda, kwa sababu watu ni wachache na wametawanyika. Kwa sehemu hizo Serikali iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sheria ya mwaka 2006. Mfuko huchangia gharama, kampuni hujenga. Mwezi Mei 2023 ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kata isiyo na mtandao ipeleke ombi lake kupitia kwa diwani na halmashauri, na itaje vitongoji kwa majina.

NA BEI JE?

Hili ndilo swali gumu. Kijiji chenye mashine mbili za kusaga kikibakiwa na moja, mwenye mashine anaweza kujipangia bei. Kwa sababu hiyo kampuni haziungani kwa hiari yao tu. Lazima zipate kibali cha Tume ya Ushindani na cha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ilipotungwa, haikuihesabu kampuni kuwa na nguvu kubwa sokoni ila sehemu yake ikizidi asilimia 35. Zantel ilipoungana na Tigo ilikuwa ndogo, hata asilimia 5 ya laini za nchi haikufika. Kwa maoni yetu, kuipoteza kulipunguza ushindani kidogo tu, na ingekufa yenyewe wateja wake wangeumia zaidi.

Kenya walijaribu jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 2014 kampuni ya yuMobile ilishindwa na biashara. Iligawanywa kama ng'ombe wa kuchinja. Airtel ilichukua wateja, Safaricom ikachukua minara na mitambo. Kisha Februari 2019 Airtel na Telkom Kenya zilitangaza kwamba zitaungana zipate kushindana na Safaricom. Wachunguzi wa rushwa wakaingia kati, masharti yakawa mengi, na Agosti 2020 wakaachana kabla ya harusi. Safaricom ikabaki mbele kama zamani.

Hapa Tanzania mteja anayo silaha yake. Tangu Machi 2017 anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Mwenye 077 anaweza kwenda Airtel, Halotel, Vodacom au TTCL, na 077 yake akaenda nayo. Aende kwa wakala wa kampuni anayotaka kuhamia, awe na kitambulisho chake cha Taifa. Kabla ya kuhama atoe fedha zilizomo katika akaunti ya simu na amalize salio, maana vitu hivyo havihami pamoja na namba. Naye anayetaka kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake abonyeze *106#. Akiona laini asiyoijua, apeleke habari kwa kampuni ya laini hiyo ili ifungwe.