Vipengele vya Kisaikolojia katika Ufuasi wa Dawa baada ya Kupandikizwa Figo: Mafunzo ya Jinja na Mbale, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala hii inafafanua vipengele vya kisaikolojia vinavyoathiri ufuasi wa dawa kwa watu waliopandikizwa figo, hasa wakazi wa Jinja na Mbale. Hoja kuu ni kwamba ufuasi hautegemei kumbukumbu peke yake, bali pia imani kuhusu dawa, uhusiano wa mgonjwa na aliyemchangia figo, na afya ya akili. Miji hiyo miwili ina uzoefu wa miaka mingi wa kuwategemeza watumiaji wa ARV. Uzoefu huo unafaa kurithiwa, ilimradi tofauti za hali hizo mbili zizingatiwe.

1. Utangulizi

Mnamo Desemba 2023, Hospitali ya Taifa ya Mulago, Kampala, ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Uganda kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India. Mwaka huohuo nchi ilipata sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu. Kabla ya hapo, aliyehitaji figo alilazimika kusafiri nje ya nchi, aghalabu India. Hatua hii ni kubwa, lakini upasuaji ni kazi ya saa chache, ilhali kuitunza figo ni kazi ya kila siku, nayo hufanyika nyumbani. Jinja iko takriban kilomita 80 kutoka Kampala. Mbale iko zaidi ya kilomita 200. Hatima ya figo iliyopandikizwa huamuliwa katika umbali huo.

2. Dawa zisizosamehe na hatari isiyoonekana

Kinga ya mwili huitambua figo iliyopandikizwa kuwa kitu kigeni. Ili isishambuliwe, mgonjwa hutumia dawa za kudhibiti kinga, kwa kawaida takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Saa za Kiswahili huifanya ratiba hiyo kuwa nyepesi kukumbukwa: saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ugumu uko kwingine.

Ugumu wa kwanza ni ukimya. Mgonjwa anayeruka dozi mbili au tatu huenda asihisi lolote. Figo inaweza kuharibika polepole kwa miezi, na dalili ya mapema ikawa ni kupanda kwa kreatinini katika kipimo cha damu. Akili ya binadamu hujifunza kutokana na matokeo ya karibu. Dozi iliyorukwa bila adhabu huwa ruhusa ya kuruka nyingine. Kinyume chake, madhara ya dawa huonekana mara moja: mikono hutetemeka, uso huvimba, uzito huongezeka. Faida imefichika, gharama iko wazi.

Ukubwa wa tatizo umepimwa zaidi katika nchi tajiri. Dew na wenzake (2007) walikadiria kwamba, kati ya waliopandikizwa figo, hujitokeza visa 36 vya kutofuata dawa za kudhibiti kinga kwa kila watu 100 kwa mwaka, kiwango kilichozidi cha viungo vingine. Butler na wenzake (2004) walionyesha kwamba wasiofuata dawa wana uwezekano wa takriban mara saba zaidi wa kupoteza figo.

3. Imani, deni na sonona

Kusahau na kuamua kutomeza ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina tiba yake. Kengele ya simu humsaidia anayesahau, haimsaidii aliyeamua. Horne na wenzake (1999) waliandaa hojaji inayotenganisha imani kwamba dawa ni ya lazima na wasiwasi kuhusu madhara yake. Wasiwasi unapouzidi ulazima, ufuasi hulegea. Kwa mpokeaji wa figo anayejisikia mzima, ulazima hufifia jinsi miezi inavyopita. Afya njema, ambayo ni zao la dawa, huonekana kama ushahidi kwamba dawa haihitajiki tena.

Kipengele cha pili ni deni. Pale ambapo figo hutolewa na ndugu aliye hai, mtoaji na mpokeaji hukutana katika arusi, matanga na vikao vya ukoo. Fox na Swazey (1992), wakiandika kuhusu Marekani, walieleza jinsi zawadi isiyoweza kulipwa inavyoweza kumwelemea aliyeipokea. Deni hilo lina pande mbili. Humwimarisha anayeona kila kidonge kuwa njia ya kumheshimu ndugu yake. Lakini pia humfanya afiche kosa: aliyeruka dozi hawezi kukiri mbele ya kaka aliyebaki na figo moja, na huenda akamficha daktari pia ili habari isifike nyumbani. Aibu huzaa ukimya, na ukimya huchelewesha tiba.

Kipengele cha tatu ni sonona na uchovu wa akili. Mgonjwa alitarajia kwamba upandikizaji ungemrudisha katika maisha ya zamani; anakuta amebadilisha ugonjwa mmoja kwa uangalizi usiokwisha, pamoja na hofu ya fedha za dawa za mwezi ujao. Mwenye sonona haoni mbele, na dawa za kinga ni dawa za mbele.

Mazingira nayo huchangia. Katika eneo ambamo ARV zinafahamika sana, mtu anayemeza vidonge kila siku kwa saa maalumu anaweza kudhaniwa kuwa ana VVU. Asiyetaka kueleza hujificha, au huahirisha dozi mpaka wageni waondoke. Huko Bugisu, msimu wa imbalu, yaani tohara ya jadi ifanyikayo katika miaka inayogawanyika kwa mbili, hujaza nyumba wageni na kuvuruga ratiba. Mshauri anayeijua kalenda hiyo atapanga na mgonjwa mapema badala ya kumlaumu baadaye.

4. Urithi wa ARV

TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987, lina vituo Jinja na Mbale. Huko Jinja ulifanyika utafiti wa watu 1,453, uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha huduma ya ARV ya kituoni na ya nyumbani. Wahudumu wasio wauguzi, waliopewa mafunzo, waliwatembelea wagonjwa kila mwezi wakiwapelekea dawa. Matokeo ya kudhibiti virusi yalilingana. Mwaka huohuo Ware na wenzake, waliochunguza wagonjwa wa Nigeria, Tanzania na Uganda, walieleza kwamba watu walishinda umaskini na umbali kwa sababu ya mahusiano: waliosaidiwa waliona wajibu wa kumeza dawa ili wasiwaangushe waliowasaidia.

Mafunzo hayo yanahusu figo moja kwa moja, ila kuna tofauti tatu. Kwanza, mtumiaji wa ARV huweza kupata wenzake kijijini. Waliopandikizwa figo ni wachache na wametawanyika. Pili, ARV hutolewa bure katika vituo vya umma. Bila uhakika wa dawa za kinga, ushauri nasaha hugeuka kumlaumu maskini. Tatu, msaidizi wa matibabu wa mpokeaji wa figo anaweza kuwa ndiye mtoaji mwenyewe, na wajibu unaotia nguvu kwa mmoja humwelemea mwingine.

5. Mapendekezo na hitimisho

Mapendekezo manne yanafuata. Ushauri uanze kabla ya upasuaji, mtoaji na mpokeaji wakisikilizwa pamoja na pia kila mmoja peke yake, na msaidizi wa matibabu awe mtu mwingine inapowezekana. Kila hudhurio liwe na maswali mafupi kuhusu imani, wasiwasi na sonona, kwa Kisoga, Kigisu au Kiswahili, yakiulizwa bila kukaripia. Swali lisiwe kama mgonjwa ameruka dozi, bali ni lini ilikuwa vigumu kumeza. Sampuli za damu zichukuliwe katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale na kupelekwa maabara, kwa kuwa kiwango cha takrolimasi hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi, na mgonjwa wa Mbale anayepimwa Kampala hulazimika kusafiri usiku au kuchelewesha dawa. Mwisho, wapokeaji waunganishwe kwa simu na wenzao waliotangulia, na ugavi wa dawa uhakikishwe katika bajeti.

Figo inapopotea, mpokeaji hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mtoaji hubaki na figo moja, na huenda ukoo usiwe na mtu wa pili wa kutoa. Sera inayogharimia upasuaji bila kugharimia miaka inayofuata huiacha zawadi hiyo bila mlinzi. Jinja na Mbale zina walinzi waliokwisha kujifunza kazi hiyo. Kilichobaki ni kuwakabidhi.