Pikapu ya Gita: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Na Mwandishi Wetu

KIJANA wa Mchikichini anayetaka gita la umeme hununua lililokwisha tumika, baada ya kudunduliza miezi kadhaa. Akilifikisha nyumbani na kulichomeka kwenye amplifaya, aghalabu ndipo masikitiko huanza. Nyuzi nene zanguruma kama mashine ya kusaga, nyembamba hazisikiki, na chini ya yote upo mvumo usiokoma. Rafiki zake humpa shauri moja tu: badilisha pikapu.

Pikapu inayosemwa hapa si ile ipelekayo kabichi sokoni Kariakoo. Ni kile kisanduku kidogo kilichotulia chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka umesukwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye amplifaya. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo hiyo hiyo iendeshayo majenereta ya Kidatu na Mtera.

Zamani shida hii haikuwa ya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya wenye bendi. Kijana wa leo hulitengeneza gita lake kwa fedha itokayo mfuko ule ule wa kodi ya chumba na ada ya shule. Hapana budi basi ajue anachonunua.

KIPIMO CHA DAKIKA MOJA

Nyuzi zilizoshika kutu, soketi iliyolegea au kitasa cha sauti kilichojaa vumbi huweza kuharibu sauti kabisa, na pikapu ikasingiziwa bure. Chomeka waya kwenye gita, fungua sauti hadi mwisho, chagua pikapu moja, kisha gusisha ncha za mita ya fundi umeme kwenye ncha na shina la plagi iliyo upande wa pili. Pikapu ya koili moja iliyo nzima husoma takriban kiloomu 5 hadi 8. Ya koili mbili za kawaida, 7 hadi 9. Ikisoma hivyo, tafuta ubovu kwingine kwanza. Mita ikikataa kabisa pikapu moja huku ya pili ikisoma vizuri, yamkini waya umekatika ndani. Hata hapo fundi mvumilivu wa kusuka mota aweza kuisuka upya, mradi apate waya ule mwembamba. Wa feni ni mnene mno.

Ikibidi kununua, swali la kwanza ni muziki gani utapigwa. Koili moja hutoa sauti angavu, kila uzi ukajitenga, lakini hudaka mvumo wa nyaya za umeme na taa za mirija. Ya koili mbili, iliyobuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955, huziweka koili zikipingana hata mvumo ukajiua wenyewe. Sauti yake ni nene zaidi.

Vijana wengi hukimbilia pikapu yenye nguvu kuliko zote, ile ya kiloomu 15 iliyokusudiwa roki nzito. Kwa dansi letu, kwa maoni yangu, huko ni kupoteza fedha. Uzuri wa dansi ni magita kusemezana: la solo, la pili, la rithimu na la besi, kila moja lisikike kwa zamu yake. Pikapu inayopiga kelele huwafunika wenzake. Koili mbili za nguvu ya wastani zatosha kwa harusi na kwa kwaya. Mpigaji wa solo asiyesumbuliwa na mvumo achague koili moja.

Kuna na vipimo vya rula. Ya koili mbili haiingii katika tundu la koili moja pasipo kuchonga mbao, ila zile zilizotengenezwa nyembamba makusudi. Ya karibu na daraja husukwa kwa nguvu zaidi, kwani hapo nyuzi hutetemeka kidogo. Usiibadilishe na ya shingoni.

Ikishafungwa, usiisogeze mno kwenye nyuzi. Sumaku huzivuta, na sauti ikakosa ulinganifu hata gita likiwa limetuniwa sawasawa. Anza na nafasi ya milimita 3, kisha panda polepole kwa bisibisi huku ukisikiliza.