Gongo likisita, nani aamue?

WAPENZI wa kandanda wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanafahamu kwamba refa asipoona vyema, humtazama mshika kibendera. Besiboli nayo ina desturi hiyo.

Mpigaji hutolewa akihesabiwa makosa matatu. Hata mpira mbovu huwa kosa endapo ameurushia gongo akaukosa. Je, akianza kuzungusha gongo kisha akajizuia? Kanuni hazitaji kipimo. Mwamuzi hupima iwapo alijaribu kupiga. Anayetega gongo ili mpira udondoke karibu, akiliondoa mapema, hahesabiwi kuwa amejaribu.

Mwamuzi mkuu akisema hakupiga, mdakaji au meneja wa timu inayorusha anaweza kuomba mwenzake aulizwe: wa kituo cha kwanza kwa mpigaji wa mkono wa kulia, wa tatu kwa wa shoto. Akisema alipiga, hakuna rufaa.

Oktoba 14, 2021, uamuzi wa aina hiyo ulimtoa Wilmer Flores na kuhitimisha msimu wa San Francisco Giants, waliokuwa wameshinda mechi 107. Los Angeles Dodgers walisonga mbele kwa ushindi wa 2-1. Wengi waliotazama marudio waliona hakupiga, lakini kanuni hazikuruhusu video itengue uamuzi huo.